Pini ya Mtandio

Jumanne, baada ya magharibi

Nilimwambia Fatma mbele ya darasa zima kwamba mikono yake ni ya kusuka mikeka, si ya nyaya. Mimi, mwalimu wake, niliyesomeshwa kwa mikeka ya mama.

Alikuwa ameunganisha sensa ya dira, kile kifaa cha kuhisi mwelekeo, kwenye bodi ya roboti ya kundi lao, na roboti ikawa inaelekea kibla sawasawa, kama tulivyoipanga. Lakini kila nikiinama kukagua, inageuka inaelekea mlangoni. Nikamwamuru afungue nyaya zote aunganishe upya. Mara tatu. Wenzake wakaanza kucheka. Yeye alikuwa anafuta jasho la vidole kwenye buibui.

Jioni nilipovua mtandio niliokuwa nao darasani ili nitawadhe, pini yake ikarukia mkasi uliokuwa kando ya beseni ikanata. Ni pini ya sumaku, niliyoinunua ili nisitoboe kitambaa. Nikabaki nimesimama, maji yanamwagika. Dira huvutwa na sumaku. Hilo nimelifundisha mwenyewe wiki jana. Kazi ya Fatma haikuwa na kosa tangu mara ya kwanza.

Kesho nitasema mbele ya wale wale waliocheka. Au niseme tu kwamba sensa ilikuwa mbovu, halafu... La. Astaghfirullahi.

Kinachonichoma zaidi ni pale mlangoni, wenzake walipokwisha kutoka. Alinisubiri peke yake.

"Niwie radhi, Bi Zena," akasema. "Nimekupotezea wakati."

Nami nikamjibu kwamba nimemsamehe.