Dizeli ya Boti na Fundi Aliye Mahabusu

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA CHAMA CHA BOTI, MWALO WA NUNGWE, GEITA
Tarehe: 14 Mei 1983
Mahali: Ghala la chama

Waliohudhuria: Ndugu Bujiku (Mwenyekiti), Ndugu Telesphori (Mweka Hazina), Ndugu Lukresia (Mjumbe, muuguzi wa zahanati), Ndugu Euphrasia (Katibu).
Hakuwepo: Ndugu Ignas, fundi wa boti. Yuko mahabusu.

KUMB. NA. 1/83: KUFUNGUA
Mwenyekiti alichelewa, na hakuna aliyemuuliza. Alieleza kwamba polisi wanasubiri neno la kamati: je, Ignas aliuza dizeli ya chama na kujazia kitu kingine, hata boti ikazima katikati ya ziwa na abiria wake? Kamati ikisema ndiyo, atashtakiwa kwa uhujumu.

KUMB. NA. 2/83: MAJIBU YA MAABARA
Katibu alisoma majibu kutoka Mwanza. Chupa ya kwanza ilichotwa juu ya pipa, ya pili kwenye tangi la boti. Dizeli ya zote mbili hushika moto ikifika nyuzi sabini, na ya tangini ina maji.

Telesphori, ambaye mama yake alikuwa botini siku ile, alidakia kwamba dizeli inayongoja joto la nyuzi sabini ndipo ishike moto ni mbovu, tena imethibitishwa. Lukresia alimwomba atulie. Alisema namba husomwa pamoja na kiwango chake, kama kipimo cha damu. Kiwango kimeandikwa pembeni: isipungue nyuzi sitini. Ingechanganywa mafuta ya taa au petroli, ingeshika moto mapema zaidi. Kwa hiyo haikuchanganywa.

Telesphori aliuliza, kwa sauti ambayo Katibu haiandiki, maji ya tangini yalitoka wapi basi. Lukresia alionyesha mstari wa chini: tangini kuna maji, kutu na matope; juu ya pipa hakuna. Alisema mtu anayeiba hujazia maji, hahangaiki kutafuta kutu. Huo ni uchafu uliotuama chini ndani ya pipa.

Katibu aliuliza nani aliruhusu mashapo yamiminwe botini. Ndipo Mwenyekiti akasema:

"Ni mimi. Dizeli ya mgao wa kibali haipatikani, nikamwambia Ignas alibinue pipa lote, tone lisibaki. Alikataa. Nikamwambia hapa mwenyekiti ni nani."

Telesphori alimuuliza kwa nini alinyamaza wakati Ignas anachukuliwa. Alijibu kwamba aliogopa. Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba Ignas hana kosa.

KUMB. NA. 3/83: KUFUNGA
Hakuna aliyetamka kufunga. Mwenyekiti alichukua kofia yake na karatasi ya maabara, akaenda kituoni peke yake, na wajumbe wakatawanyika saa sita mchana.

Katibu: Euphrasia (sahihi)
Mwenyekiti: Hajasaini. Ignas aliachiwa jioni ile ile. Mwenyekiti bado yuko ndani.