Vipande Vitupu Nilivyovifuta

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama umenuna, mama alitulea hivyo.

Unakumbuka chumba chetu cha nyuma ya duka, mtaa wa Ngokolo, feni ikipiga kelele kuliko kompyuta? Tajiri alitaka maduka yake mawili, la hapa na la Geita, yapashane habari za mzigo. Ukaandika maktaba ya Java, yaani programu ya kompyuta ya kuyaunganisha, ukanifundisha, ukahamia Geita. Mimi ukaniachia niitunze.

Nikaitunza kwa kufagia. Nilivikuta vile violesura vyako, vipande vitupu visivyofanya kazi yoyote. Vinasema tu kwamba anayepeleka ujumbe lazima ajue kufungua njia, kutuma na kufunga. Na mpelekaji, yaani kipande kinachotuma kweli, nilimwona mmoja tu, wa simu. Nikawachekesha wenzangu: "Dada kaajiri mnyapara wa kibarua mmoja!" Nikavifuta, nikakutumia disketi kwa basi, nikajiona fundi.

Kumbe huko Geita simu zilikuwa zikikatika, na ulishaandika mpelekaji wa pili, wa radio ya upepo isiyohitaji waya. Violesura vilipoondoka, akakosa pa kushika. Geita ikawa kimya.

Tajiri aliponiuliza, nilimwambia ukweli wote, lakini kwa lugha ya kompyuta, haraka haraka, nikijua haambulii kitu. Akatikisa kichwa: "Dada yako kashindwa, bwana." Nikamwacha aamini hivyo.

Ulikuja na vumbi la barabara kichwa kizima. "Mdogo wangu, si ungeniuliza tu?" Ukavirudisha vyote, na juu yake ukaandika: "Usifute. Geita tupo." Lakini tajiri alishaamua. Kiti chako cha fundi mkuu nikapewa mimi, wewe ukarudi kijijini kulima pamba.

Sasa amefungua duka karibu na mgodi wa Bulyanhulu, na simu hakuna. Radio yako imeshika kwenye violesura vyako bila kugusa mstari hata mmoja wa programu. Akanisifu mbele za watu, chai ikanipalia. Nikamwambia kwa Kiswahili cha sokoni: "Nilivifuta mimi. Kabula hakukosea."

"Mbona hukusema siku zile?"

"Nilisema."

Akanitazama mpaka nikainama.

Anasema uje. Mimi sina uso wa kukuomba. Kiti chako nimekipangusa, nafanyia kazi kwenye benchi, na mgongo unaniuma kama ninavyostahili. Hata usipokuja, sitakikalia.

Ni mimi, mdogo wako, ambaye alipaswa kukuuliza tu.