Milango Isiyofungika

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kasema figo zangu zimechoka, zimebaki za kubembelezwa. Sawa. Kufa hakunikeri. Kinachonikera ni huku kuoza kabla ya kufa — kuogeshwa na mkwe kama kichanga, naye kageuza uso pembeni. Simlaumu. Hata mimi ningegeuza.

Mjukuu wangu — tunamwita Siafu, mdogo lakini anauma — ameingia kutoka shule mbio, begi mgongoni, moja kwa moja chooni. Shikamoo hakuna! Alipotoka nikamtania: mke mwenza, umekula nini huko? Hakucheka. Mama yake anasema ni hivyo hivyo kila siku.

Jumatano, 6 Machi

Siafu ana homa. Mkojo unamchoma. Muuguzi wa zahanati kasema mtoto huyu hanywi maji, tena anabana mkojo kutwa.

Nikamwita kitandani kwangu.

— Kwa nini hunywi maji shuleni?

— Nikinywa nitaenda chooni, Bibi.

— Si uende!

— Milango haifungi. Wavulana wanasukuma, halafu wanacheka. Mmoja alikuja na simu.

Wasichana hushikiana mlango, wawili wawili. Yeye kagombana na shoga yake juu ya rula, basi hana wa kumshikia. Rula! Mtoto anaugua kwa ajili ya rula!

Chakula cha jioni sikukigusa. Shule hiyo niliiongoza mimi mpaka nikaota mvi. Milango hiyo naijua.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wa shule amekuja kunijulia hali. Manukato yake yalitangulia, yeye akafuata. Alikuwa kiranja mkuu wangu. Mpaka leo akiniamkia anasimama wima kama yuko paredi.

Jumatatu ni Siku ya Usalama wa Mwanafunzi. Anataka nikate utepe. Kuna ukuta mpya, kamera getini, mlinzi mwenye sare. Na jiwe la marumaru lenye jina langu — Mlezi wa Usalama. Nilikohoa ili nisiteme.

— Na vyoo?

— Vimefanyaje, Mwalimu?

— Havina makomeo.

Akacheka, kile kicheko cha kumliwaza mzee.

— Lakini Mwalimu, si utaratibu wako ule? Tumeuenzi!

Wameuenzi. Kama wosia. Halafu akaongeza kwamba makomeo yakirudi watoto watajifungia humo wavute sigara. Maneno yangu, neno kwa neno. Nilikuwa kama mtu anayeyaona matapishi yake kwenye sahani ya mwenzake.

Nikamwambia ayarudishe. Muhula ujao, anasema, panapo majaliwa. Majaliwa! Mkojo wa mtoto haungoji majaliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike sasa, kabla mkono haujagoma.

Hapakuwa na sigara. Niliwaambia wazazi sigara, nikaiambia kamati sigara, mwishowe nikaanza kuinusa mwenyewe.

Palikuwa na mwalimu wa hesabu. Watoto walimwita Bwana Mpira, kwa kile kipande cha mpira wa maji alichotembea nacho. Alifaulisha, hilo sikatai. Matokeo yakitoka tunaongoza, pongezi nazipokea mimi. Kipindi chake kikikaribia watoto hukimbilia chooni, wakajifungia. Siku moja akaja ofisini kafura: Mwalimu Mkuu, mimi nifundishe madawati?

Jioni nikampa kiranja mkuu, huyu Mkuu wa leo, bisibisi. Yeye akafungua makomeo, mimi nikapokea. Mkoba ulinilemea bega. Kesho yake hapakuwa na pa kujificha. Nilikuwa ofisini. Nilisikia vilio. Nikaagiza chai.

Mtoto mmoja hasikii tena sikio la kushoto. Mama yake alikuja, nikamwambia huenda ni mafua. Mafua! Yule mama akanishukuru. Na Bwana Mpira alipostaafu, ni mimi niliyemsomea risala na kumvisha shada la maua.

Mkwe kasema chumba kinanuka dawa, akafungua madirisha. Si dawa.

Jumapili, 10 Machi

Nilikusudia kumwambia Siafu. Kaja na vidonge vyangu na kikombe cha maji, kasimama kajishika kiuno: kunywa yote, mke mwenza, usije ukaugua kama mimi.

Nikanywa yote. Nikamrudishia kikombe. Ovyo kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Naandikia chooni, daftari magotini. Choo cha wasichana, cha tatu kutoka mlango mkubwa. Aibu ya nini tena, kwa umri huu?

Nilikuwa nimekalishwa chini ya turubai, kiti chenye kitambaa cheupe. Nikamwona Siafu mstarini, kaikaza miguu. Nikamwambia Mkuu nimebanwa. Akanionyesha choo cha wageni — kina komeo, sabuni, hata kioo! Nikasema nataka cha wasichana. Kule si hadhi yako, Mwalimu. Ndiko hasa, nikamwambia. Nikamwita Siafu anikokote.

Uvundo! Inzi wananiamkia usoni. Mlangoni yamebaki matundu ya skrubu, na mtu kaziba moja kwa karatasi iliyotafunwa. Mtoto gani huyo, aliyekaa hapa akatafuna karatasi ili asichunguliwe?

Siafu kashika mlango kwa nje. Mkuu yuko nyuma yake, ananong'ona.

— Mwalimu, afisa elimu ameshafika.

— Lete fundi.

— Mwalimu, watu wanangoja!

— Lete fundi, au lete kipaza sauti hapa hapa.

Siafu kaangua kicheko. Nikajiona shujaa kidogo. Shujaa wapi! Nani atamfukuza kazi mtu mwenye mguu mmoja kaburini? Ningeyasema haya wakati nina cheo cha kupoteza.

— Bibi?

— Naam.

— Haya makomeo aliyang'oa nani?

Chini ya mlango naviona viatu vya Mkuu, vinang'aa, havisogei. Anajua. Anangoja asikie nitamtaja nani.

Kalamu ninayo mkononi. Ulimi sina.

— Bibi, jibu basi. Mkono unaniuma.