Nyekundu Zangu, Kijani za Chebet

Nakuru, Jumamosi, baada ya kufua

Kwako Mama,

Mulembe, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umeinama shambani. Goti lako la kushoto linasemaje na hii mvua? Na Kukhu, nyanya yetu, bado anakataa kuvaa miwani mbele ya wageni? Ng'ombe amezaa ama bado? Mimi niko mzima. Senge amenilisha mpaka sketi ya kanisa inabana, na ananiamsha na wimbo wa kwaya kama vile Baba alisema dada yake hufanya. Kota zao za reli ni ndogo lakini zina joto. Kitu sijazoea ni vumbi nyeupe ya ziwa, upepo ukigeuka inaingia hadi kwa sukari.

Najua utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Mama, simu yako unaiweka spika. Nikisema kitu, Kukhu anasikia, Wanjala anasikia, hata mtu amekuja tu kununua mahindi anachangia maoni. Hii siwezi kuisema kwa spika. Nimempa mjomba Barasa akupatie mkononi. Usimpe Wanjala akusomee. Huyo ni mdogo lakini mdomo wake ni mkubwa. Soma mwenyewe, pole pole, jikoni.

Ni juu ya Chebet.

Unamkumbuka. Siku ile ulinipigia nikiwa kazini, akaninyang'anya simu akasema "Mulembe Mama!" kama mtoto wa Bungoma, na yeye ni Mkalenjin wa huko Elburgon. Hilo neno nilikuwa nimemfundisha asubuhi hiyo hiyo. Ukacheka. Mama, ulicheka mpaka ukakohoa. Tangu nije huku sijawahi kukuchekesha hivyo hata mara moja. Na kuanzia siku hiyo kila ukipiga, kabla hujaniuliza kama nimekula, unasema, "Na yule Chebet wako anaendeleaje?" Nakujibu yuko salama. Halafu naangalia ukuta.

Nilikuwa namwonea wivu. Niandike tu vile ilivyo. Namwonea wivu hata sasa.

Wacha nikueleze kazi ndio uelewe. Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa za mifugo, harufu ya dipu inapanda ngazi na sisi. Wanafunzi ni mimi na Chebet tu. Mkubwa wetu ni Madam Wairimu, na ana mafundi wawili wa programu. Toka mwanzo Madam alituambia mafunzo yakiisha atabaki na mmoja, meza ni moja, mwingine ataenda nyumbani kungoja chuo. Niliitaka hiyo meza, Mama, sijui kama nimewahi kutaka kitu hivyo. Nilijiambia nikiipata, utaanza kuniuliza mimi kwanza.

Kazi yenyewe ni kujaribu dibaga. Dibaga ni programu inayosimamisha programu nyingine katikati ya kazi na kukuonyesha imeshika nini ndani. Ni kama wewe unavyomsimamisha mtu na gunia lake: fungua nione. Sasa, maneno ndani ya kompyuta hukaa kwa visanduku. Herufi za kawaida zinachukua kisanduku kimoja kimoja. Lakini kuna herufi pana, hizo kila moja inachukua viwili au vinne, ndio ziweze kubeba maandishi ya dunia nzima, Kichina, Kiamhari, hata zile sura za kucheka Wanjala hutuma kwa simu. Dibaga ikisahau kwamba herufi ni pana, inasoma kisanduku cha kwanza, inakuta cha pili kiko tupu, inadhani neno limeisha. Inaenda zake.

Mimi nilipewa za visanduku viwili, Chebet akapewa za vinne. Sheria ya Madam ni hii: kabla hujaendesha jaribio, andika kwanza unatarajia kuona nini. Kisha endesha. Vikilingana, skrini inaandika kwa kijani. Visipolingana, nyekundu.

Jaribio langu la kwanza niliweka jina langu. Nikaandika natarajia "Nekesa". Dibaga ikanionyesha "N". N peke yake, kama mtu ameanza kuniita akachoka. Nyekundu. Nikaweka jina la Kukhu, nikapata herufi moja. Nyekundu. Nikarudia mwanzo, nikabadilisha kiti, nikaomba kimoyomoyo. Nyekundu. Jioni hiyo Chebet alikuwa kijani tupu, kutoka juu hadi chini, kama shamba lililopata mbolea.

"Niaje Nekesa, bado uko na N?"

"Bado."

"Manze, hiyo N itakuoa."

Mafundi wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa meno tu. Madam akapita nyuma yetu, akagonga kiti cha Chebet akasema, "Huyu msichana ni moto." Skrini yangu akaiangalia, akasema, "Endelea hivyo hivyo." Nilienda nayo hiyo "endelea hivyo hivyo" mpaka nyumbani, nikashindwa kumaliza ugali. Senge akadhani ni malaria.

Ikaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Chebet akileta mursik, yale maziwa ya kibuyu ya kwao, kila mtu anainua kikombe. Mimi nikileta njugu zako, nasahau kuzitoa kwa mkoba kwa sababu sijui niseme nini nikizitoa. Yeye anamwita Madam "Madam wangu". Mimi hata "Madam" peke yake inanikwama.

Sasa Ijumaa hapa iko na desturi yake. Kabla ya chai, unampa mwenzako majaribio yako ayavunje kama anaweza. Mafundi walifikiri nitahitaji kuelezwa. Mimi nilielewa mara moja kwa sababu yako. Siku ya soko, kabla hamjafungua magunia, wewe na Mama Simiyu hubadilishana gorogoro, mahindi yako kwa mkebe wake, yake kwa wako. Niliwahi kukuuliza kwa nini usipime wako na wako, uharakishe. Ukanijibu, "Na kama umebonyea, utajijua vipi?"

Ijumaa ya kwanza sisi wanafunzi kuingizwa, nikakalia kiti cha Chebet. Nikasoma aliyotarajia, moja baada ya nyingine, sawa, sawa, sawa. Halafu nikafika kwa jaribio la neno "habari" likifuatwa na sura ya kucheka. Alichotarajia kimeandikwa "habari" na alama ya kuuliza.

Nikasimama hapo. Nani anaweka sura ya kucheka halafu anatarajia kuona alama ya kuuliza? Hakuna mtu. Nikaangalia zingine, za Kichina, zote alama za kuuliza. Alikuwa ameendesha kwanza, akachukua kile dibaga imetoa, akakiandika kuwa ndicho alichotarajia. Lazima kilingane! Alikuwa amepima mkebe na mkebe wenyewe. Kijani zote hizo, na dibaga ilikuwa inakosea chini yake.

Mama, nilifurahi. Moyo uliruka kama siku ya matokeo. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwona akibeba mkoba wake kurudi Elburgon, nikaona meza, nikasikia simu yako ikiniuliza mimi.

Nikasimama niseme mbele ya wote. Madam akageuka. "Eeh, Nekesa?"

Macho yote yakaja kwangu. Nikasema, "Nilikuwa naenda kuongeza chai."

Na chai ilikuwa haijamiminwa.

Chebet akanifuata kwa chupa ya chai. "Umepata kitu. Uso wako umekusema."

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Mzaha ukamwisha. Akasema, "Nilinakili. Nilikuona unaandika pole pole ukiwa na uhakika, nikaogopa utanipita. Sasa, si uende umwambie."

"Siwezi kuongea mbele ya watu."

Akaniangalia, akaanza kucheka kama yule Chebet wa siku zote, akageuka akapaza sauti: "Madam! Nekesa amenivunja! Kijani zangu zote ni feki!"

Unajua Madam alifanya nini? Alimpigia makofi. Yeye! "Hivi ndivyo mtu anakubali kosa," akasema, na mafundi wakapiga pia. Makofi ya Chebet, kwa kosa la Chebet, nililolipata mimi, na mimi nimeshika kikombe kitupu. Hata hapo alinishinda.

Jumatatu akaandika upya matarajio yake, zikawa nyekundu kama zangu. Mafundi wakafungua dibaga na kukuta kweli ilikuwa inahesabu visanduku vibaya, vyangu na vyake. Ile N haikuwa makosa yangu hata siku moja.

Jana ndiyo ilikuwa mwisho wa mafunzo. Madam akatuita, akasema, "Nekesa atabaki. Ulikaa na nyekundu zako mpaka zikatuonyesha tatizo." Sikujua niweke mikono wapi. Chebet akanikumbatia kabla sijamaliza kuelewa. Halafu wakaanza kumuaga, na hapo ndipo niliishangaa roho yangu. Fundi mmoja akampa kikombe chake mwenyewe. Madam akatoa miwani akafuta macho. Hakuna mtu alinitolea miwani mimi. Meza ni yangu, Mama, na nilisimama kando yake nikimwonea wivu msichana anayeenda.

Kabla ya kutoka akainama kwa kompyuta yangu, akaendesha lile jaribio la kwanza. "Nekesa", yote, kijani. Akasema, "Imekujua sasa," akashuka ngazi. Njugu zako nilimkimbizia mpaka chini, zote.

Nisalimie Kukhu, umwambie avae miwani. Wanjala mwambie nimesema mdomo wake ni mkubwa. Mama Simiyu, jirani yako wa soko, mpe salamu zake na umwambie mkebe wake umenisaidia huku. Mjomba Barasa usimwache aende bila kula.

Na Jumapili ukipiga, Mama, tafadhali toa spika. Uniulize nimekula nini. Uniulize meza iko karibu na dirisha ama mlango. Niache nimalize, hata nikikawia. Halafu uniulize Chebet, na nitakupa namba yake, kwa sababu ataimiss sauti yako na ni haki yake. Lakini mimi kwanza.

Ni binti yako, jina lote,

Nekesa