Alama za Mrushaji Chipukizi

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujachana bahasha. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako unamsumbua akiinama, ila mdomo hauna tatizo lolote. Anakusalimu na anauliza unakula nini huko.

Sasa sikia kioja. Ile mashine ya gemu uliyoiacha nilikuwa nimeifunika kitambaa pale karakana, katikati ya mafriji ya watu. Juzi binti wa duka la picha kaja kuchukua friji yake, akaiona, akasema, "Fundi, mwaka huu kwenye gemu la besiboli wameingiza hata chipukizi wa timu za chini. Mwanao si yupo huko?" Akaiunganisha na simu yake, tukasubiri mpaka chai ikapoa. Mwanangu, upo! Jina lako, langu na la babu yako, yamepangana kwenye kioo. Nilipiga ukelele mama yako akadhani nimepigwa shoti.

Lakini furaha ikaingia mchanga. Wamekupa alama arobaini na saba kwa mia. Na wameandika kwamba unarusha mpira kwa mkono wa kulia, wewe ambaye hata kijiko unakishika kwa kushoto! Binti akanionyesha ukurasa ambapo mwenye mashine anaweza kubadilisha chochote. Nikaanza na mkono. Huo si uongo, ni kusahihisha. Halafu nikajiuliza, mtu asiyejua mkono wa mwanangu ataijuaje kasi yake? Nikakupandisha hadi hamsini na tano. Tuiite posho ya mzazi.

Kumbe kuna namna ya kucheza ambapo wewe ndiye meneja. Unaendesha timu msimu baada ya msimu, vijana wanakua, wazee wanastaafu. Nikifunga karakana naendesha timu yako. Usinicheke.

Baba yako


27 Februari

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Mama, nakula, wali wao ni kama umepikwa na mtu mwenye hasira, lakini nakula.

Baba, barua yako nimewasomea wenzangu bwenini, wamecheka mpaka mlezi akagonga ukuta. Mwenzangu wa chumba amekariri ile ya posho ya mzazi. Huyu tunamwita Bawaba, naye ni mrushaji, mkono wake unafunguka na kujifunga kama mlango. Yeye gemu limempa sitini na moja. Anasema baba yake hajui hata kuwasha redio, kwa hiyo alama zake ni halali.

Kocha hasemi mengi. Warushaji tupo wengi na nafasi ya kupanda timu ya juu ni moja. Kama mkono wako una huruma, niongezee kasi. Huku kasi inapimwa kila siku, na kipimo hakijui posho ya mzazi.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Huku ni nzuri, friji zinaharibika kama kawaida, Mungu azidi kuziharibu.

Umefika alama sabini na nane. Tuko msimu wa tatu na nimekupandisha timu kubwa. Haikuwa rahisi. Kila nikikupanga, mashine inamsogeza mbele huyo Bawaba wako, nimemjua kwa zile alama sitini na moja. Nikaona isiwe tabu, nikamshusha hadi arobaini. Sasa njia ni nyeupe. Jumamosi umemaliza mchezo mzima bila mpinzani kufika kituo cha tatu, kinyozi wa jirani akasimama katikati ya karakana akipiga makofi, wembe mkononi. Siku hizi ananiita "mzazi wa nyota" na hanitozi kunyoa ndevu.

Mama yako hapendi. Anasema, "Unamnenepesha mtoto kwa kumchora." Nimemwambia hajui besiboli. Akasema, "Na wewe unajua friji."

Uwanjani mambo vipi? Hukusema.

Baba yako


11 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi sijambo.

Baba, nakuomba mrudishie Bawaba alama zake. Najua ni mchezo, lakini nimeshindwa kucheka. Yeye ndiye anayenifunga barafu kiwikoni tukitoka uwanjani, na asubuhi ananifungia vifungo vya shati. Usimshushe mtu kama huyo, hata kwenye kioo.

Usiwe na wasiwasi. Ni uchovu tu, wote tunao.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bawaba nimemrudisha, nikamwongezea na mbili za kuomba radhi.

Sasa tuongee. Vifungo vya shati? Tangu lini mtoto wangu anafungiwa vifungo? Mama yako ameisoma barua yako mara mbili, akaenda kukaa jikoni, na hakukuwa na kitu jikoni. Kiwiko kina nini? Daktari wa timu amekiona? Amesemaje, kwa maneno yake, siyo yako?

Kwenye gemu nako uliumia. Maandishi yalikuja kwamba utakaa nje msimu mzima. Nikatafuta kila ukurasa, nikakuta sehemu ya kuzima majeraha. Nimeizima. Tangu hapo haumii mtu timu nzima. Mama yako akauliza kama na huko kwenu sehemu hiyo ipo.

Jibu upesi.

Baba yako


30 Julai

Mwanangu,

Barua moja ikikosa majibu tunailaumu posta. Hii ni ya tatu, na simu yako inaita mpaka inachoka. Tupo, tunasubiri.

Baba yako


8 Septemba

Baba, shikamoo.

Samahani kwa ukimya. Mazoezi yamezidi. Simu iliharibika. Timu imetuhamisha baadhi yetu, kwa hiyo tumieni anwani hii mpya ya nyuma ya bahasha.

Kiwiko kinaendelea vizuri. Msalimie mama.

Mwanao


21 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tunapumua.

Binti wa duka la picha alikuja kutuletea orodha mpya ya wachezaji, ile inayoshuka kwenye mashine kila baada ya muda. Kinyozi alikuwepo, na fundi viatu, wamekuja kuona wamekupa ngapi safari hii. Nimepekua timu yako, hakuna. Nikapekua timu zote, kuanzia kubwa hadi ile ya mwisho kabisa. Bawaba yupo, amepanda. Wewe hupo. Binti akasema polepole, "Fundi, wakimwacha mtu kwenye timu, huwa wanamtoa na humu." Nikamwambia mtandao wake ni mbovu. Nilimfokea, na hakustahili.

Walipoondoka nilikutengeneza upya. Mashine inakuuliza kila kitu: kimo, pua, mdomo, rangi ya macho. Nikakwama kwenye kovu la nyusi. Sikukumbuka ni nyusi gani. Nikamwita mama yako, akanionyesha kwa kidole kwenye uso wangu, kisha akatoka.

Niambie kwamba mashine inasema uongo, nami nitakuamini. Sitauliza mara ya pili.

Baba yako


16 Novemba

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mashine haisemi uongo.

Waliniacha mwezi wa tano, wiki moja baada ya ile barua yangu ya kumwombea Bawaba. Meneja aliniita, akanishukuru, akaniomba nirudishe jezi. Hakuwa mtu mbaya. Kiwiko kilikuwa kimechanika ndani tangu kabla ya hapo, nami nilikuwa nakificha. Nilijichoma sindano za kuua maumivu nikaendelea kurusha, kwa sababu nafasi ilikuwa moja, na kwa sababu kila nilipofungua barua yako nilikuta nimepanda. Sikulaumu, Baba. Nilipenda kuzisoma. Nilikuwa nazisoma kabla ya kuingia uwanjani kama mtu anayekunywa dawa.

Daktari anasema upasuaji ungesaidia zamani, siyo sasa. Niko kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli. Nakunja kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashikilia tu. Bawaba alinitafuta mara mbili, nikajificha nyuma ya mashine za kukaushia.

Kurudi siwezi. Nitapita vipi mbele ya kinyozi? Mtaa mzima umeniona nikishinda, na siku hizo zote nilikuwa nakunja mashuka. Nakuomba kitu kimoja. Nifute humo.

Mwanao


5 Desemba

Mwanangu,

Salamu zetu sote wawili.

Kukufuta nimeshindwa. Kidole kilifika kwenye kitufe kikagoma. Badala yake nikakurudishia alama za kweli, arobaini na saba, nikawasha majeraha, nikaiacha mashine iendeshe timu yenyewe. Haikuchukua muda. Wakakuacha. Kwenye kioo ukaandikwa "hana timu". Nikasukuma msimu mwingine mbele, hana timu. Wa tatu, ukaandikwa umestaafu, na umri wako wa ishirini na sita pembeni. Nikabonyeza jina lako nione baada ya hapo unafanya nini. Halikufunguka. Gemu halina ukurasa wa mtu aliyeacha.

Lakini sisi tupo. Njoo nyumbani. Friji inahitaji mikono miwili, nami ninayo. Wewe shika taa. Kinyozi niachie mimi.

Mama yako anasema hataki kujua ulipata ngapi, anataka kujua usiku mkono unauma kiasi gani, na unaulalia upande gani.

Baba yako


24 Februari

Mwanangu,

Barua ya Desemba imerudi haijafunguliwa. Nimempigia dobi simu, msimamizi akasema uliondoka kabla mwaka haujaisha, hukuaga, na viatu vyako viko mlangoni mpaka leo. Nilimuuliza kama ulikuwa unaongea na mtu. Akasema, "Alikuwa mpole, mzee. Alikunja vizuri."

Nazituma zote mbili kwa Bawaba. Tumeongea. Kijana mwema, alilia kwenye simu kuliko mimi. Anasema hajui uliko, ila atakutafuta wakipewa mapumziko. Wakipewa.

Kinyozi aliniuliza habari zako mbele za watu. Nikamwambia sijui mwanangu yuko wapi. Akaendelea kuninyoa, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana.

Mama yako hanilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Sina ushauri tena. Andika neno moja tu, hata la kunitukana. Nitalipokea kama salamu.

Baba yako