Kitufe Chekundu

Deogratias, kiti kimemwangusha baba mkubwa. Sisemi kimemtikisa. Kimemwangusha chini.

Unajua nilitaka aone kwa macho yake tunachofanya kwenye chumba alichotuachia hapa Somanda, kabla hajampa mpangaji. Akavua kofia, akaketi kwenye kiti chetu cha kuigiza uendeshaji wa lori, akashika usukani. Barabara ya Lamadi ilikuwa kwenye skrini. Kila kona kiti kiliinama naye vizuri, akacheka, "Milembe, hii lori yako haina konda?"

Kisha bodi, ile saketi inayoongoza kiti, ikaganda. Skrini ilisimama, lakini mota ziliendelea kusukuma, maana draiva, kifaa cha kupeleka umeme kwenye mota, hushika amri ya mwisho iliyopewa. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuzima kiti. Nikabonyeza tena. Kiti kikazidi kuinama hadi kikapinduka naye.

Kitufe nilikiunganisha kwenye bodi, Deo. Bodi ileile iliyoganda. Uliniambia kikate umeme wa betri, nikakujibu kwamba bodi niliyochagua haigandi.

Wiki tatu nililinganisha bodi na draiva za mota: kasi, ampea, joto. Sikujiuliza hata mara moja bodi ikiganda mota zitafanya nini.

Mkono wake umevimba, ila hospitali wamesema haujavunjika. Hakugomba. Kwenye bajaji aliuliza tu, "Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza, baba."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Tukafika nyumbani. Aliposhuka akaninyooshea mkono mzima. Nilidhani anataka nimshike. Alikuwa anaomba ufunguo wa chumba.