Nusu ya Mpini wa Baba Spès

Jumatatu, 9 Februari 2026
Mvua tangu asubuhi. Paa la karakana linavuja palepale. Mteja mmoja tu — Mama Spès, yule Libérate wa Mwamkulu ambaye mumewe tulimzika mwaka jana. Kaja na mpini wa jembe kaufunga kwenye kitenge. Wa marehemu. Alilima nao tangu wakiwa kambini Katumba, enzi za ukimbizi, akahama nao. Majembe yalikuja yakaisha, mpini uleule. Pale alipokuwa anashika pamekuwa peusi na laini kama ngozi.

Binti yao Spès kapata ajira ya ualimu, kapangiwa Ikola. Mama anataka kalamu itoke kwenye ule mpini, ampe Jumapili kanisani. Anasema mzee hakujua kuandika, hata karatasi za uraia alitia dole gumba. "Sasa mtoto aandike kwa mkono wa baba yake."

Nikamwambia hakuna shida, mama. Siku hizi kalamu zinanipa jina kuliko vitanda.

Ila upande mmoja umeliwa na mchwa, katikati kuna ufa. Palipo pazima panatosha vipande viwili, cha chini na cha juu. Kalamu moja. Hakuna akiba.

Jumanne, 10 Februari
Nimeharibu.

Cha chini kilitoka safi. Nilikibana kwenye jiliwa, nikahakikisha kimesimama wima, nikatia alama katikati kwa msumari. Nikatoboa kwa drili kidogo kidogo — nachomoa biti, napuliza unga, narudisha. Tundu katikati kabisa! Mrija wa shaba wa ndani ya kalamu ukaingia kama pete kidoleni.

Cha juu, chenye ule weusi wa mkono wake, nilikifikia jioni. Tamimu wa duka la vifaa akapiga simu: mechi inaanza, nimekushikia kiti, njoo. Biti ilikuwa imekuwa butu. Niliiona. Kuinoa si kazi kubwa. Sikuinoa. Sikupima. Nikashusha drili moja kwa moja mpaka chini bila kuchomoa. Moshi. Harufu ya kuungua. Biti ikaacha njia, ikafuata nyuzi za mti, ikatokea ubavuni — paa! Kipande kikapasuka.

Halafu nikaenda kuangalia mechi. Ndiyo, nilienda. Na goli nikashangilia.

Alhamisi, 12 Februari
Jana nilijaribu kukiunga kwa gundi kile kilichopasuka. Haikuwezekana, sehemu nyingine zimekuwa unga mtupu.

Leo nimechukua kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu. Biti nikainoa mpaka ikang'aa. Nikapima, nikapima tena. Nikatoboa taratibu kama namtoa mtoto mwiba. Tundu halikuyumba hata unywele. Kwenye uongo ndiyo nimekuwa na subira!

Nikakereza vyote viwili, nikaviunga. Cha juu nikakipaka dawa nyeusi ya viatu, nikasugua kwa kitambaa. Ukiangalia haraka ni mpini uleule. Ukiangalia taratibu — pia.

Kile kilichopasuka niliogopa mke wangu Romana akikiona ataniuliza. Nikakitupia jikoni kwenye moto. Alikuwa anapika maharage. Baadaye akaniuliza mbona huli, baba Hana. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 14 Februari
Mama Spès kaja. Kalamu akaipokea kwa mikono miwili. Hakutazama nyuzi, hakutazama mng'ao. Dole gumba likaenda moja kwa moja kwenye nusu ya juu.

"Hapa ndipo alipokuwa anashika," akasema. Akafumba macho.

Nikainama kuokota maranda ambayo hayakuhitaji kuokotwa.

Akauliza, hakuna kilichopasuka? Maana mti mzee una hasira. Nikasema hakuna, mama. Mpaka hapo nilikuwa nimedanganya kwa mikono tu. Sasa na mdomo.

Akaomba mabaki. Nikampa ile ncha iliyoliwa na mchwa. Akaifunga kwenye kitenge, akanishukuru kwa Kirundi. "Urakoze cane, mwanangu." Mwanangu! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 15 Februari
Ibada ya shukrani. Mama Spès kasimama mbele, kasema mume wake leo anaenda kufundisha Ikola. Watu wakacheka, wakalia. Spès akaiweka kalamu shavuni, upande wa nusu ya juu. Kisha mchungaji akasema fundi naye asimame tumwone. Makofi! Vigelegele! Romana kanibana mkono kwa furaha.

Nikaangalia chini. Viatu vyangu vinang'aa. Dawa ileile.

Jumanne, 17 Februari
Spès kaja peke yake. Blauzi nyeupe, mfuko wa kifuani una doa jeusi. Hakukaa.

"Fundi Nestori, weusi wa mkono wa baba unachuja?"

Ningeweza kusema ni vanishi. Ni jasho. Ni joto la hapa Mpanda. Yote yalinijia. Nikamwambia ukweli — biti butu, mechi, kitanda cha mtu, mpaka moto wa maharage. Sikupunguza.

Akaitoa kalamu, akaifungua.

"Ya baba ni ipi?"

Nikamwonyesha ya chini.

"Kwa hiyo ni hii ya kushika wakati wa kuandika."

"Ndiyo."

"Sawa." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Mimi kesho nasafiri nayo hivyohivyo. Lakini mama yangu sitamdanganya kwa niaba yako. Tangu Jumapili ananisimulia baba alivyoshika pale juu, na mimi naitikia tu huku doa naliona. Umenifanya na mimi mwongo. Utamwambia wewe."

Nikasema nitaenda kesho. Akasema usihangaike, Alhamisi mama atakuja mwenyewe. Anakuletea jogoo.

Jumatano, 18 Februari
Nimemwambia Romana. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Maharage yale nilikula na mwanao," akasema. Akaendelea kuchambua.

Alhamisi, 19 Februari
Mama Spès amefika. Nimemsikia akibisha hodi, na jogoo akilalamika kwapani. Nilikuwa mbele nikinoa. Nikaingia huku stoo, eti natafuta kitu. Nimekaa juu ya mbao. Naandika.

Nawasikia nje kwenye benchi. Romana kampa chai. Anamjibu kwa kifupi, ndiyo mama, hapana mama. Hawezi kumtazama, najua. Mama Spès anasema binti amefika Ikola salama, kapiga simu, kapewa darasa la kwanza. Anacheka. Anasema na mimi nataka fundi anitengenezee kitu, sijui ile ncha niliyobaki nayo itatosha hata kishikizo cha funguo?

Romana ananiita. Baba Hana!

Nimeandaa maneno tangu juzi. Mama, nisamehe. Mama, kuna jambo. Mama, kile cha juu. Yote nikiyasema kimya kimya yanasikika kama ya mtu mwingine.

Romana kaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejua nimejificha. Na Mama Spès anamtuliza:

"Mwache, binti yangu. Kazi yake haitaki haraka. Mimi nitasubiri."